Nembo ya Dakika Hamsini na Sita

Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa mengine machache niliyojiongezea mwenyewe pale kazi ilipokwama, naujulisha umma wa Kasulu, Kibondo, Kakonko na vitongoji vyake kwamba zoezi la kuipa hadhi nembo ya kwenye kioo limekamilika kwa mafanikio ya asilimia mia moja na nne. Hizo nne za ziada tulizipata kwenye semina elekezi. Mtu asije akasema hakuambiwa.

Naitwa Melkiadi Niyibizi, Katibu wa Mamlaka ya Nembo za Kioo, Kanda ya Milimani, kwa kifupi MANEKI. Mamlaka hii ilianzishwa baada ya wataalamu kugundua kwamba wananchi wanatazama vioo kutwa nzima, vya simu, vya televisheni, vya mashine, na hakuna ofisi hata moja inayosimamia kile kinachotokea mwanzo kabisa, kabla ya kitu chenyewe. Lile lilikuwa pengo kubwa. Tukapewa chumba nyuma ya ghala la mbolea hapa Kasulu, meza mbili, muhuri mmoja, na tukaambiwa tulizibe.

Mdau wetu wa kwanza, na mpaka leo wa pekee, ni Shadia Mansuri, binti wa Mansuri muuza vitenge pale sokoni. Binti huyu alijifunza ufundi wa redio, akaziacha redio, akaanza kuunda makabati ya gemu. Kabati la mbao, ndani kompyuta kuukuu, mbele kioo, mshiko mmoja wa kuongozea, vitufe viwili na tundu la sarafu. Ukitumbukiza sarafu unamvusha mbuzi Mto Malagarasi, na mamba wamekaa wanakungoja. Kampuni akaiita Mbuzi Gemu. Gemu yenyewe, nasema kitaalamu, ni upuuzi mtupu. Mimi niliicheza mara moja tu kwa ajili ya ukaguzi, na ukaguzi ule ulichukua siku mbili.

Alikuwa na makabati sita: mawili Kasulu, moja Makere, moja Busunzu, moja Kibondo mjini na moja kule Kasanda. Kina mama wanaosubiri kusagiwa unga wanacheza. Bodaboda wanacheza. Kuna mwalimu mkuu mmoja anacheza akiwa amevaa kofia ya mvua akidhani hatumjui. Na kila kabati likiwashwa, kabla ya gemu kuanza, ilitokea nembo. Mbuzi mweupe anaingia kutoka kushoto, anageuza shingo, anakutazama, anasema "mee", na chini yake maandishi: MBUZI GEMU. Basi. Sekunde tatu. Aliyemchora ni Elie Wilondja, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, ambaye huchora kwenye simu yenye ufa na kumtumia Shadia kwa WhatsApp.

Sekunde tatu, jamani! Hakuna kibali, hakuna salamu, hakuna mgeni rasmi. Mbuzi anakutazama machoni kama mliyesoma naye.

Mkurugenzi wetu, Bwana Tharsisi Ndihokubwayo, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti isiyohitaji kipaza, alikutana na mbuzi huyo sokoni siku ya gulio. Nilikuwa nyuma yake nimembebea koti.

"Melkiadi, huyu mbuzi ananiangalia mimi?"

"Anamwangalia kila mtu, Mkurugenzi."

"Na mimi ni kila mtu?"

Swali lile sikulijibu, kwa sababu lilikuwa juu ya daraja langu la mshahara. Kabla ya saa kumi jioni makabati yote sita yalikuwa yamefungwa kwa utepe mwekundu, na Shadia amepewa barua. Ilisema: ndani ya siku tisini nembo iwe imepewa hadhi inayostahili na kuzinduliwa mbele ya viongozi, vinginevyo makabati yanakuwa mali ya Mamlaka. Wenye midomo walisema Mkurugenzi anayatamani yale makabati kwa kuwa mafaili yetu tulikuwa tunayahifadhi kwenye viroba vya mbolea. Ni kweli alinituma nikayapime urefu na upana. Ni kweli pia kwamba lile la Kibondo alilichagua kwa ajili ya chumba chake cha kulala. Lakini kuyaunganisha mambo hayo na barua ni fitina.

Shadia akaja ofisini kesho yake asubuhi, ushungi umekaa upande, macho mekundu.

"Shikamoo, Afisa."

"Marahaba. Una miadi?"

"Lakini ofisi haina mtu mwingine, upo peke yako."

"Ndiyo maana nauliza."

Akavuta pumzi. "Afisa Melkiadi, mimi sina kitu kingine duniani zaidi ya zile kabati. Nimeuza cherehani ya marehemu mama yangu nikanunua vioo. Mkizichukua, narudi dukani kwa baba kupima vitenge mpaka nizeeke, na Elie wa watu anarudi kukaa bure kambini. Niambieni tu mnataka nini kwenye hiyo nembo. Nitafanya."

Nilimwonea huruma, sikatai. Ila huruma haina fomu, nikampa fomu ya marekebisho.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa madogo. Mbuzi asitazame watu. Aingie, ainamishe kichwa, aseme "shikamoo". Mtoto asiyeamkia watu hana malezi, na nembo ni vivyo hivyo. Elie alichora usiku mmoja, nembo ikafika sekunde kumi na mbili, na kila mtu akaona kwamba mbuzi sasa ana adabu. Tungeweza kuishia hapo, lakini tulikuwa tumeshaunda Kamati Ndogo ya Pamoja, na kamati ikishaundwa haiwezi kukaa bure.

Mjumbe wa Kasulu alitaka maharage yaonekane. Mjumbe wa Kibondo akasema bila muhogo yeye anatoka nje ya kikao. Mjumbe wa Kakonko akataka mzinga wa asali. Vyote vikawekwa. Ndipo mtaalamu wa mazao akanyoosha kidole: mbuzi huyu amesimama kando ya muhogo, hajafungwa, huu si uharibifu wa mazao unaonyeshwa hadharani? Mbuzi akafungwa kamba. Mtaalamu wa mifugo akauliza, mbuzi kafungwa na nani, mbona hana mwenyewe? Akawekwa mchungaji. Mwingine akasema mchungaji ana mikono mitupu saa za kazi, tunafundisha nini taifa? Akapewa jembe.

Shadia akatuletea ujumbe wa sauti kutoka kwa Elie, akaufungulia kikaoni. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Madamu Shadia, niulizie wale bashefu. Mbuzi iko na kamba, kamba iko na mutu, mutu iko na jembe. Huyu mutu anatumika siku yote, hapumuziki? Niweke na konje yake, ao?"

Shadia alikuwa ameleta ujumbe ule ili tuone aibu. Kamati ikaona hoja ya msanii ni ya msingi. Ikaazimiwa mchungaji apewe likizo ya siku ishirini na nane, na likizo hiyo ionekane kwenye kioo kwa dakika moja, mtu amelala, jembe limeegemezwa, amani imetawala.

Suala zito lilikuwa jina lipi litangulie, Kasulu au Kibondo. Tulikaa vikao vinne. Cha tatu kilivunjika kwa sababu mjumbe mmoja alirusha chupa ya maji, ingawa tuliiandika kama "mchango wa maandishi". Hatimaye hekima ya Mkurugenzi ikatuokoa: nembo ipite yote Kasulu ikiwa mbele, halafu ipite yote tena Kibondo ikiwa mbele. Watu walipiga makofi. Mjumbe wa Kakonko hakupiga. Alisema wilaya yake ilitoka Kibondo mwaka 2012 na haikutoka ili ije ibanwe tena humo humo kwenye kioo. Alitaka utengano uonekane. Tukampa dakika moja ya kioo cheusi, bila picha, bila sauti. Akasema hiyo ndiyo heshima aliyokuwa anaitafuta miaka yote.

Baada ya mazao zikaja sura. Hili hatukulibuni sisi, ni itifaki ya kawaida. Mkutano hauanzi kabla viongozi hawajatambulishwa, sasa gemu ianze kwa kiburi gani? Kila kiongozi akapewa nafasi yake: sura inatokea, jina linasomwa kwa sauti, cheo kinasomwa, makofi yanasikika. Mkurugenzi alipewa dakika nne. Elie alimchora mara tisa. Mara ya kwanza alimchora alivyo, tukairudisha.

Sasa niseme kidogo kuhusu Bwana Nurudini, Makamu wa Mkurugenzi. Ni mzee wa watu, mswalihina, mwenye goti bovu na tabia moja mbaya: anauliza maswali kikaoni. Tulipofanya jaribio la nembo kule Busunzu, nembo ilipofika dakika ya tatu yeye akavuta kigoda akakaa. Mkurugenzi alitabasamu njia nzima tukirudi. Nafasi ya Makamu, kwa bahati tu, ilikuwa inamfaa shemeji yake.

"Andika kanuni, Melkiadi," akaniambia ndani ya gari. "Kanuni ya Kumi na Nne."

Nikaandika juu ya goti, barabara ikiwa mbaya, na nina fahari nayo mpaka leo. Ilisema hivi. Nembo ikipita, viongozi wote wasimame, na wananchi wa kawaida wakae, maana kusimama ni heshima na heshima ina wenyewe. Kiongozi atakayekaa nembo ikiwa bado inapita amejivua uongozi kwa hiari yake dakika hiyo hiyo, bila barua. Nembo haikatishwi, na ikikatika kwa sababu yoyote inaanza upya. Na atakayebaki amesimama hadi mwisho ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya nembo na mambo yote ya nembo. Kipengele hicho cha mwisho Mkurugenzi alikiongeza kwa mkono wake mwenyewe, akijifikiria yeye. Makao makuu wakaipitisha bila kuisoma, kama ilivyo desturi.

Siku ya themanini na sita Shadia akaja na saa ya mkononi.

"Afisa, nimeipima. Nembo imefika dakika hamsini na sita. Gemu yenyewe ni dakika mbili."

"Dada Shadia, heshima haina saa."

"Sawa. Mmesema nyie." Akanitazama sana. "Basi niandikie kwamba sina ruhusa ya kuipunguza hata sekunde moja. Na kwamba nisiondoke kwenye mashine mpaka iishe."

Nikamwandikia, nikagonga muhuri mara mbili. Napenda mwananchi anayejua umuhimu wa nyaraka.

Uzinduzi ulifanyika Kasulu, Jumamosi, kwenye ukumbi wa kukodi wenye bendera za karatasi. Kabati moja liliwekwa jukwaani, likaunganishwa na kioo kikubwa cha ukutani. Mgeni rasmi alikuwa Kamishna wa Nembo kutoka makao makuu, mzee mmoja mrefu aliyetoka Kigoma mjini alfajiri na kukataa chai njiani kwa kuwa aliambiwa kuna pilau. Na kweli ilikuwepo. Mama Deborah, mpishi wetu, alikuwa mlangoni na masufuria yake: pilau, kuku, samaki migebuka wa kukaanga. Elie hakufika, kibali cha kutoka kambini hakikuwahi. Viongozi thelathini na mmoja walikuwa mbele. Nyuma walikaa wananchi kwenye mabenchi, wengi wao walikuwa wamekuja kwa ajili ya harufu.

Mkurugenzi alimpa Mama Deborah maelekezo mbele yangu. "Tulipozindua Mamlaka watu walibeba sahani wakatembea nazo kama wako msibani. Leo mtu aliyesimama asipewe chakula. Mpe aliyekaa."

"Nimesikia, baba. Aliyekaa ndiye anakula."

Shadia akasimama kando ya kabati, akaliwasha. Mbuzi akaingia, akainama, akaamkia. Viongozi wakasimama kwa kishindo. Wananchi wakabaki wamekaa, kwa mujibu wa kanuni.

Dakika ya nne Bwana Nurudini akashika goti lake, akaangalia ukumbi mzima, akakaa taratibu kabisa.

"Nimejivua," akasema. "Mama Deborah, niwekee paja."

Mkurugenzi aling'aa uso mzima. Nikaandika kwenye muhtasari: saa nne na dakika tisa, Makamu amejiuzulu kwa hiari, kuku. Mama Deborah akampelekea sahani. Halafu akatazama nyuma, akaona mabenchi yote yamejaa watu waliokaa, na yeye ni mtu wa kufuata maelekezo. Akaanza kupakua. Sahani zikapita juu ya vichwa mpaka ukuta wa nyuma, huku viongozi wamekakamaa mbele wanatazama maharage ya Kasulu yakichanua.

"Hii inaisha lini?" Kamishna alinong'ona.

"Bado sura yako, Kamishna," Mkurugenzi akamjibu. "Umewekwa mwisho kabisa, mahali pa heshima."

Kamishna akanyooka tena. Mtu akiahidiwa kuiona sura yake kwenye ukuta mkubwa hivyo, njaa inavumilika.

Ikaja dakika nyeusi ya Kakonko. Ukumbi ukawa giza, kimya, hakuna picha. Mlinzi wa ukumbi, Ndugu Omary, ambaye hakuhudhuria semina elekezi, akadhani mashine imeungua. Akakimbilia swichi kubwa, akazima kila kitu, akawasha tena. Alitaka kusaidia, maskini. Kioo kikawaka. Mbuzi akaingia kutoka kushoto, akainama, akasema shikamoo.

"Mawe!" alilia mtu mbele, kwa Kiha, kama anayemwita mama yake. Nilikuja kugundua kuwa ni mimi.

"Zima hiyo, ruka hapo!" Kamishna alimfokea Shadia.

Shadia akatoa barua yangu mfukoni, imekunjwa vizuri. "Sina ruhusa, Mheshimiwa. Hata sekunde moja. Muhuri huu hapa, miwili."

Ikaanza upya. Mbuzi, kamba, mchungaji, jembe. Mchungaji alipokwenda likizo nilisikia viongozi watatu wakiguna kwa wivu. Dakika nyeusi iliporudi ukumbi mzima ulipiga kelele "Omary, usiguse!" na Omary akainua mikono juu. Ilipokwisha, mjumbe wa Kakonko alikuwa amekaa. Alikaa gizani, ndani ya dakika yake mwenyewe, akidhani hatumwoni. Mimi nilimwona. Nikaandika.

Halafu zikafika sura, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sayansi ya nembo bado inalichunguza. Kiongozi wa nchi hii ametambulishwa mikutanoni tangu alipopata cheo. Jina likisomwa anageuka kwa watu, anapunga mkono, anatabasamu, anakaa. Hafikirii. Miguu yenyewe inajua. Na miguu ile ilikuwa imesimama saa nzima na robo bila chakula. Sura ya mtaalamu wa mazao ikatokea ukutani, jina likasomwa, makofi yakalia. Akageuka. Akapunga. Akakaa. Alipogundua aliruka juu kama aliyekalia moto, lakini kalamu yangu ilikuwa imeshapita.

"Amekaa huyo!" bodaboda mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, mfupa mkononi. "Andika, Katibu! Usizingue!"

Na Mama Deborah naye, bila hiyana, akamwekea sahani.

Akafuata mtaalamu wa mifugo: akapunga, akakaa. Mjumbe wa Kibondo aliona hatari, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akang'ang'ania, lakini jina lake liliposomwa mkono mmoja ulihitajika kupunga, na ule mmoja uliobaki haukutosha. Mjumbe wa Kasulu alimcheka mwenzake mpaka machozi, akacheka hivyo hivyo hadi jina lake, akapunga huku anacheka. Wananchi wakashika mchezo. Kila jina likisomwa wanapiga makofi kwa nguvu zaidi, na wengine wanapiga vigelegele na wali mdomoni. Sijawahi kuona umma unaowapenda viongozi wake namna ile.

Mkurugenzi alikuwa ametoa macho. Aliijua kanuni, aliiagiza mwenyewe. "Mimi sikai," alisema kwa meno yaliyobana. "Mimi sikai. Mimi sikai."

Ikatokea sura yake. Ya tisa, ile yenye nywele. Ukuta mzima ulikuwa Tharsisi Ndihokubwayo. Dakika ya kwanza alivumilia, jasho linamtoka kidevuni. Ya pili akaanza kutikisika. Dakika ya tatu yule bodaboda akasimama juu ya benchi akapiga kelele: "Mkurugenziii! Tunakukubali, mzee baba!" Ukumbi ukalipuka. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia vile maishani, hata nyumbani kwake. Uso ukamlainika, akageuka kwa watu wake, akapunga mikono yote miwili, akakaa.

Alinitazama mimi.

"Melkiadi. Umeandika?"

"Nimeandika, Mkurugenzi. Samahani. Nimeandika, mzee Tharsisi."

Kamishna alibaki peke yake mbele. Alikuwa anatetemeka lakini sura yake ilikuwa haijafika, na aliitaka. Ikafika dakika ya hamsini na tano. Elie alikuwa amepewa picha ya zamani, Kamishna akiwa kijana mwenye shingo nyembamba. Mzee akaitazama, machozi yakamlengalenga. "Mgeni rasmi," mashine ikasema, na mgeni rasmi akawapungia watu wa Kasulu, akakaa, akapokea sahani.

Nembo ikaisha. Mto Malagarasi ukatokea kwenye kioo na gemu ikawa tayari kuchezwa. Mama Deborah, sahani ya mwisho ikishatoka, alikuwa amekaa, na Omary na yule bodaboda vilevile. Ukumbini alikuwa amesimama mtu mmoja tu, Shadia Mansuri, mkono juu ya kabati, kwa mujibu wa barua yangu.

Kamishna alitafuna, akameza, akakumbuka. "Hiyo kanuni naifuta. Sasa hivi."

"Kanuni inafutwa na kiongozi, mzee mwenzangu," alisema Bwana Nurudini, akijichokoa meno. "Wewe umekaa."

"Basi Katibu aifute! Yeye si alikuwa..." Kamishna akaniangalia, akaona kiti changu, meza yangu, kalamu yangu. "Wewe ulikuwa umekaa tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Mheshimiwa. Muhtasari hauandikwi kwa kusimama."

Nilisema vile kwa kujiamini kabisa. Ilinichukua muda kidogo kuelewa ni kwa nini watu wananicheka.

Ikabidi nisome Kanuni ya Kumi na Nne kwa sauti mpaka kipengele cha mwisho. Atakayebaki amesimama hadi mwisho ndiye mwenye kauli ya mwisho. Shadia akanisikiliza, akaja mezani, hakukaa. Akaichukua fomu ya kibali niliyokuwa nimeiandaa, akaisoma neno kwa neno kama mtu anayepima kitenge, akatia sahihi pale pa Mkurugenzi. Halafu akautwaa muhuri, akagonga mara moja.

"Afisa, andika. Kabati zote sita zifunguliwe leo. Nembo ni sekunde tatu, ile ya Elie ya mwanzo."

"Mimi si Afisa tena, dada Shadia."

"Najua. Lakini mwandiko wako mzuri. Andika."

Nikaandika. Alipoondoka ukumbini alikuwa analia waziwazi, anampigia Elie simu huku anacheka, na kina mama wa mashine ya unga wanamsukuma mgongoni atembee haraka wawahi kucheza.

Viongozi thelathini na mmoja, pamoja na mimi ambaye sikuwa kwenye hesabu, tuliandika makao makuu kuomba kurejeshwa. Makao makuu yamejibu kwa haraka ya kushangaza: maombi yapitishwe kwanza kwa mwenye kauli ya mwisho, yaje na utambulisho wake. Kwa hiyo tunakwenda kwenye karakana yake, pale sokoni, kila mmoja na bahasha. Shadia hatutukani. Anatusalimia vizuri, shikamoo kwa wakubwa, anatuambia tuache bahasha dirishani, atazipitia akipata nafasi, na kwa sasa ana kabati la saba linaundwa. Bwana Nurudini tu ndiye hajaleta bahasha. Yeye huja kucheza, na amefika hatua ya kumi na moja.

Juzi nimemkuta hapo mzee Tharsisi. Jua lilikuwa kali, amesimama tangu asubuhi, shati limemganda mgongoni, bahasha mkononi imelowa jasho. Kando yake kulikuwa na kiti cha plastiki kitupu, kizuri tu, kipo kivulini. Nikamwonea huruma. Nikamvutia kile kiti, nikakifuta vumbi kwa mkono.

"Kaa, mzee wangu. Utaanguka."

Akakitazama kile kiti, akanitazama mimi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nikae tena, Melkiadi?" akasema. "Nikae tena?"